Mwongozo kwa Wasioonywa: Jinsi Mwenye Bunduki Anavyogeuka Mkusanyaji

Mwongozo huu ni wa Mswahili aliyehamia Marekani, akapata makazi ya kudumu, akazoea baridi, akajua kumpungia jirani mkono bila kuuliza habari za watoto, na sasa jirani huyohuyo amemkaribisha nyumbani kwake "akaone vitu." Wanafunzi na wengine wenye viza za muda wasome kwa kujifurahisha, maana sheria ya taifa hilo haiwaruhusu kununua bunduki, ukiacha wachache kama wenye leseni ya uwindaji. Waliobaki wote wamo hatarini.

Hatari tunayoizungumzia si risasi. Kuhusu risasi kila mtu amekwisha kuonywa na mama yake. Tunazungumzia ule ugonjwa wa polepole unaomkuta mtu mwenye akili timamu. Anaingia dukani kununua bastola moja ya kulinda nyumba. Miaka michache baadaye mkewe anamkuta amepiga magoti sebuleni saa nane za usiku, tochi mdomoni, akisoma nembo iliyogongwa na fundi wa Kirusi aliyekufa zamani.

Kwanza, acha kuhesabu

Kosa la kila mgeni ni kudhani kuna idadi fulani: chini yake wewe ni raia wa kawaida, juu yake ni mkusanyaji. Idadi hiyo haipo. Majimbo yana masharti yake, lakini sheria ya taifa haina kikomo cha bunduki ambazo mtu mmoja anaweza kuwa nazo. Mwaka 2018 shirika la Small Arms Survey la Geneva lilikadiria kwamba raia wa Marekani wana bunduki zipatazo milioni 393, sawa na 120 kwa kila watu 100, watoto wachanga wakiwemo. Lakini hazikugawanywa kama futari. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015, uliofanywa na watafiti wa vyuo vikuu vya Harvard na Northeastern, ulikuta kwamba asilimia 3 tu ya watu wazima wameshika karibu nusu ya bunduki zote, kila mmoja akiwa na wastani wa kama 17.

Kwa hiyo ukimkuta jirani ana saba, usishike mdomo kwa mshangao. Huko aliko yeye ni mtu wa kiasi. Na aliye na arobaini huenda naye si mkusanyaji. Kuna waliojaza chumba bunduki nyeusi za kisasa, zote za aina moja kama matofali, kwa sababu uchaguzi ulikuwa unakaribia na walisikia zitapigwa marufuku. Huyo ni mlimbikizaji. Tofauti yake na mkusanyaji tutaifikia, maana ndiyo roho ya mwongozo huu.

Hatua ya kwanza: bunduki zenye kazi

Mwanzo huwa halali kabisa. Bastola ni ya usiku, mlango ukigongwa vibaya. Shotigani ni ya bata. Raifo yenye darubini ni ya paa wa msimu wa vuli. Ile ndogo ya risasi nyembamba ni ya kuwafundishia watoto shabaha. Kila moja ina kazi yake, na ukimuuliza mwenyewe kwa nini anayo, anajibu kwa sentensi moja fupi.

Zingatia urefu wa sentensi hiyo. Siku jibu litakapohitaji kiti na kahawa, ujue mambo yameharibika.

Hatua ya pili: ile ya bei poa

Hakuna anayeingia kwenye ukusanyaji kupitia mlango mkubwa. Wengi wa kizazi kilichopita waliingizwa na Mosin-Nagant, raifo ya Kirusi iliyobuniwa mwaka 1891 na kutengenezwa kwa mamilioni. Dola ya Kisovieti ilipoanguka, maghala yakafunguliwa, na kwa miaka mingi mtu aliweza kununua moja Marekani kwa chini ya dola 100. Bei hiyo ndiyo chambo.

Hebu tuitazame kwa karibu inavyofika. Imezamishwa katika grisi ya kahawia, nzito kama asali ya msimu wa baridi, iliyopakwa ghalani ili chuma kisile kutu. Mnunuzi huweka magazeti mezani, huchemsha maji, huazima mashine ya mkewe ya kukaushia nywele, kisha huanza kuiyeyusha. Nyumba nzima hunuka gereji. Grisi ikitoka mahali pa kuingizia risasi, chini yake panatokea mwaka: 1943. Kando yake, nyota ndogo, ambayo ni alama ya kiwanda cha Tula, au pembetatu yenye mshale ndani, ya kiwanda cha Izhevsk. Mtu huyu alitaka chombo cha kupigia makopo shambani. Sasa anajiuliza nani aliishika hii mwaka 1943, na wapi.

Halafu mwenzake wa kazini anamwambia kwamba Wafini walizikamata nyingi vitani, wakazirekebisha, wakazigonga herufi SA ndani ya kisanduku kidogo. Anarudi nyumbani mbio kuangalia ya kwake. Haina.

Hapo ndipo mlango unapofungwa nyuma yake. Jana alikuwa na bunduki moja ya ziada. Leo anapungukiwa na moja.

Dalili

Asiyeonywa anaweza kumtambua mgonjwa, au kujitambua mwenyewe, kwa dalili hizi:

Haondoi kutu. Mwenye bunduki wa kawaida akiona doa huchukua mafuta na msasa. Mkusanyaji hupiga yowe. Rangi iliyofifia, mbao iliyokwaruzika, hata jina la askari lililochongwa kwa kisu kwenye kitako, vyote ni mali. Ukiipiga vanishi mpya bunduki ya Vita vya Pili umekata bei yake vibaya, na huenda ukapoteza rafiki.

Anasoma namba. Kwenye bunduki nyingi za kijeshi namba ileile iligongwa kwenye mtutu, kwenye bolti na hata kwenye kibati cha kitako. Zikiwa sawa zote, mwenyewe huzungumza kwa sauti ya chini. Zikitofautiana, husema "ni ya kupigia tu," kama anayeomba radhi.

Ananunua karatasi. Boksi la kiwanda, risiti ya zamani, cheti cha kamanda kilichomruhusu askari kurudi na bastola ya adui nyumbani: vitu hivi havipigi hata panzi, lakini huongeza bei kuliko mtutu mpya.

Haifyatui. Hii ndiyo dalili kuu. Anayo bunduki iliyotoka kiwandani na haijawahi kupigwa, na hana nia ya kuipiga, kwa sababu risasi ya kwanza itaipunguzia thamani. Wanawake wa Pwani wataielewa haraka kuliko waume zao: ni ile doti ya kanga iliyolala sandukuni miaka yote haijakatwa, na ole wake atakayeikata.

Hatua ya tatu: serikali inakutambua

Hapa mzaha unapata muhuri. Serikali ya Marekani inayo leseni rasmi ya mkusanyaji wa silaha za kale. Ada yake ni dola 30 kwa miaka mitatu. Mwenye nayo anaruhusiwa kupokea, hata kutoka jimbo jingine na bila kupitia dukani, bunduki iliyotimiza angalau miaka 50 na kubaki katika umbo lake la asili. Kwa hiyo bunduki iliyotoka kiwandani mwaka wa Azimio la Arusha tayari ni kitu cha kale. Msomaji aliyezaliwa mwaka huo asikasirike, sheria haikumlenga yeye. Na iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake, kwa sheria ya taifa, hata haihesabiwi kuwa silaha ya moto, ingawa mtu akipigwa nayo hataiona tofauti.

Asili ya masharti haya ina kejeli yake. Mwaka 1963 Lee Harvey Oswald aliagiza kwa posta raifo ya Kiitaliano aina ya Carcano kutoka duka moja la Chicago, kwa dola 19.95 pamoja na darubini yake, akatumia jina la bandia. Rais Kennedy akauawa. Sheria ya mwaka 1968 ikakomesha biashara ya kumpelekea raia wa kawaida bunduki kwa posta. Carcano za aina ile zimekwisha kuvuka miaka 50, kwa hiyo leo mwenye ile leseni ya dola 30 anaweza kuletewa moja mpaka mlangoni.

Lakini leseni ina sharti moja: daftari. Kila bunduki ya kale inayoingia lazima iandikwe aina, namba, tarehe na ilikotoka, na inayotoka iandikwe imekwenda kwa nani. Mkaguzi wa serikali anaweza kuliomba daftari hilo mara moja kwa mwaka. Ujanja wa kununua leo na kuuza kesho kwa faida nao umekatazwa, maana huko ni kufanya duka, na duka lina leseni nyingine. Wanaume ambao hawajawahi kuandika matumizi ya nyumbani hulijaza daftari hili kwa wino mweusi na mwandiko wa kupendeza.

Hatua ya nne: Singer

Asiyeonywa akifika hapa bado anaweza kujidanganya kwamba anapenda historia tu. Basi asikilize habari ya bastola ya jeshi la Marekani iitwayo M1911A1. Vita vya Pili vilipopamba moto, kiwanda cha Colt peke yake hakikutosha, zabuni zikagawiwa kwa wengine. Remington Rand walikuwa watu wa taipureta. Union Switch & Signal walikuwa watu wa ishara za reli. Ithaca walikuwa watu wa shotigani. Na wa tano walikuwa Singer.

Ndiyo, Singer haohao wa cherehani. Zile nyeusi zenye maua ya dhahabu, zilizowasomesha watoto wengi kwenye vibaraza vya mafundi nguo kutoka Lamu hadi Kigoma. Singer walitengeneza bastola 500 tu, wakahamishiwa kazi nyingine. Bastola zenyewe zikaenda vitani pamoja na nyingine, na nyingi hazijulikani zilipo.

Sasa ona mtego. Ukiwa na Colt unayo bastola. Ukiongeza Remington Rand unazo mbili. Lakini ukishapata Ithaca na Union Switch, hesabu haisomeki tena nne. Inasomeka "imebaki moja," na hiyo moja bei yake ni ya nyumba. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Wengine hujaribu kukimbilia kwenye karabini ya M1 wapumue, wakakuta nayo ilitengenezwa na makampuni chungu nzima, wakiwemo IBM wa mashine za hesabu na Rock-Ola wa masanduku ya muziki wa baa. Wanaanza upya.

Adabu za gulioni na sebuleni

Marekani ina magulio ya bunduki karibu kila wikendi. Kubwa kuliko yote huandaliwa Tulsa, Oklahoma, ambako meza hupangwa kwa maelfu na wazee hukaa nyuma yake wakila sandwichi. Usishike kitu bila kuomba. Ukiruhusiwa, elekeza mtutu mahali pasipo na mtu, hata ukiambiwa haina risasi, na usiguse chuma kwa vidole vyenye jasho, maana alama ya kidole huwa kutu.

Utaambiwa kanuni ya kale ya watu hawa: nunua bunduki, usinunue hadithi. Kila mzee ana bastola ya jenerali, na majenerali hawakuwa wengi kiasi hicho. Ni kanuni nzuri, na wao wenyewe hawaifuati. Agosti 2021, katika mnada wa Bonhams huko Los Angeles, bastola ya Colt ambayo sherifu Pat Garrett alimuulia jambazi Billy the Kid iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 6. Chuma chake hakina tofauti na Colt nyingine za zama zake. Dola zilizobaki zote ni malipo ya hadithi.

Misemo ifuatayo itakufaa:

"Huu ni uwekezaji." Maana yake mkewe yuko jikoni anasikia.

"Niliipata kwa mjane wa askari." Bei inakaribia kupanda.

"Ni ya mapambo tu." Inafanya kazi vizuri sana.

"Zangu zote zilizama kwenye ajali ya boti." Ni utani wao wa siku nyingi. Umeuliza idadi, na umeambiwa kwa upole kwamba hayakuhusu.

"Unatoka Tanga?" Huu si msemo, ni mtego. Kuna wakusanyaji wa silaha za makoloni ya Kijerumani, na kwao Tanga ni kama Badr. Utaketishwa uelezwe jinsi Waingereza walivyoshuka na jeshi kutoka India mapema Novemba 1914, jinsi kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alivyowarudisha baharini akiwa na watu wachache mno, na jinsi nyuki walivyoingia vitani bila kualikwa. Utaletewa Mauser ya mwaka 1871, ambayo askari wengi wa Kiafrika walipigana nayo siku zile. Ilitumia baruti nyeusi, kwa hiyo kila risasi ilitoa wingu la moshi la kumwonyesha adui ulipojificha. Mwenyeji atakuwekea mikononi akikutazama usoni, akitumaini kwamba babu yako alikuwepo. Usikubali, usikatae. Kisha atauliza swali alilokuitia: Waingereza waliacha ufukweni raifo 455 na bombomu 16, je, ndugu, hakuna iliyobaki huko kwenu, darini kwa mtu? Jibu sahihi ni kuomba chai.

Walii wao

Kila tarika ina walii. Wa hawa ni J. M. Davis, mwenye hoteli wa mji mdogo wa Claremore, Oklahoma. Inasimuliwa kwamba alipokuwa na miaka saba alikataa kunywa dawa, na babaye akamtuliza kwa kumpa gobori. Dawa akanywa. Gobori likazaa. Alipokuwa mtu mzima alizitundika bunduki zake kwenye kuta za hoteli yake, ukumbini, kwenye korido, hadi wageni wakawa wanalala katikati ya ghala la silaha. Mwaka 1969 zikafunguliwa katika jumba la makumbusho lililojengwa kwa ajili yake, na bunduki zilizomo zimepita 12,000. Wazazi wanaosoma mwongozo huu watumie peremende.

Pale utani unapokoma

Mosin ya mwaka 1943 iliyotolewa kwenye grisi inaua leo kama ilivyoua wakati ule. Mwaka 2021 zaidi ya watu 48,000 walikufa kwa bunduki Marekani, na zaidi ya nusu yao walijiua kwa mikono yao wenyewe, mara nyingi katika nyumba ambamo silaha ilikuwa karibu na hasira au huzuni ilikuwa karibu zaidi. Kwa hiyo sefu si pambo. Ila asiyeonywa ajue kwamba ile iliyoandikwa "bunduki 24" imepimwa kwa bunduki nyembamba zisizo na darubini, zilizosimama zimebanana kama abiria wa daladala saa moja asubuhi. Kata nusu.

Na hapa ndipo tunapoweza kuwatenganisha wale wawili. Mlimbikizaji anajua ana nyingi. Muulize ni zipi, ataonyesha kwa mkono upande wa chumba. Mwizi akichukua mbili leo, huenda akagundua mwakani. Mkusanyaji anazijua kwa namba, na ikitoka moja usiku halali. Lakini zaidi ya hilo, mkusanyaji anaijua kwa undani ile ambayo hana: kiwanda chake, mwaka wake, alama yake, na jina la mzee wa Kansas anayeikalia hataki kuuza. Mali ya mlimbikizaji ni rundo, na rundo halina mwisho wala halina pengo. Ya mkusanyaji ni safu ya meno iliyong'oka moja, na ulimi hauachi kwenda pale.

Ndiyo maana jina la heshima la mkusanyaji haliwezi kununuliwa kwa wingi, ingawa wengi wamejaribu, na wauzaji wamewasaidia sana kujaribu.

Mtihani wa mwisho

Jibu bila kufikiri. Bunduki yako ya karibuni uliinunua kwa kazi gani? Ukisema "paa," nenda nyumbani, wewe ni mzima. Utauza ipi kwanza ukipata shida? Ukiitaja papo hapo, bado kuna matumaini. Ni ipi unayoikosa? Ukiuliza "kuikosa vipi?", wewe ni mwenye bunduki tu, hata kama unazo hamsini. Ukivuta pumzi na kuanza na mwaka wa kiwanda, pole. Karibu kwenye tarika.

Ushauri uliobaki ni mmoja, na wenyewe husimuliana kwa kicheko ambacho hakifiki machoni. Hofu kuu ya mkusanyaji si mwizi wala mkaguzi. Ni kwamba siku atakapokufa, mjane wake ataziuza zote kwa bei aliyoambiwa. Basi daftari unalo, na nafasi pembeni ipo. Andika bei ya kweli.